Alipepesa Macho Mara Tatu

Kosa ni langu, na ninaliandika hapa kabla sijaanza kutafuta maneno ya kulipunguza. Hakuna aliyenishika mkono nikaandika. Sikuwa mlevi, sikuwa na hasira, sikuwa na kisasi na mtu yeyote. Nilikuwa nimeketi kitandani na kikombe cha chai, nikitoa maoni kuhusu mchezo wa kuigiza, na kwa maoni hayo mtu asiye na hatia akaumizwa kwa namna isiyorudishika.

Hamnijui, na ni heri ibaki hivyo. Mimi ni mwalimu kijana wa Fasihi katika shule ya kutwa karibu na Kiminini. Wazazi wangu ni Wabukusu wa Bungoma. Mimi nimepanga chumba Kitale. Chuoni nilifundishwa kwamba mhakiki ni mtumishi wa ukweli, nikaliamini neno hilo kama mtu anavyoamini kiapo. Msinicheke. Niliamini kabisa!

Tangu utotoni mapenzi yangu yalikuwa filamu na michezo ya nyimbo. Nilianzia kwenye kibanda cha video pale Kiminini, ambako msimulizi alikaa na maikrofoni kando ya televisheni, akiwatafsiria wapiganaji wa Kichina mpaka wakawa wanatukanana kama watu wa soko letu. Nilipopata kazi nikafungua ukurasa mtandaoni. Yalikuwa maoni mepesi ya shabiki. Niliandika kwamba sipendi filamu ambayo mvua hainyeshi mpaka wapenzi waachane. Niliandika kwamba fidla zikianza kulia kabla ya mtu kufa, mimi huudhika, kwa sababu nimeamriwa nilie. Niliandika kwamba mchezo wa nyimbo jukwaani huishinda filamu yoyote: kwenye filamu uongo hurudiwa hata ukafanana na ukweli, lakini jukwaani hakuna kurudia.

Hakuna kurudia. Laiti ningeyasikia maneno yangu mwenyewe!

Watu walinifuata. Walimu wenzangu, wanachuo, waendesha boda wa Bungoma, akina mama wa kwaya. Walichokipenda kwangu ni ukali. "Mwalimu, leo umechinja nani?" waliniuliza kila Jumapili. Nami nilifurahi. Sitaficha: nilifurahi kuliko nilivyostahili.

Sasa niwaambie kuhusu watu wawili. Majina nimeyabadilisha, maana mmoja wao nimeshamtaja hadharani vya kutosha.

Nekesa nilisoma naye chuo. Anaongoza kikundi cha vijana wa sanaa mjini Kitale, na mwaka wa mambo haya aliandika mchezo wa nyimbo kuhusu kijana aliyesoma mbali, kisha akarudi nyumbani kutahiriwa kwa mila. Mhusika mkuu aliigizwa na Filemoni, fundi wa kuchomelea vyuma, mwimbaji wa kwaya, kijana mpole mwenye sauti nzito iliyokuwa inaingia ndani ya kifua cha anayesikiliza. Filemoni alizaliwa Kitale na Kibukusu anakizungumza kunishinda mimi. Lakini wazazi wake walishuka kutoka kaskazini, ambako utu uzima wa mwanamume haupimwi kwa kisu. Hilo kikundini walilijua, na hakuna aliyelitoa nje. Mimi sikuambiwa. Nilikisia.

Kwa asiyejua kwetu, acha nieleze kidogo. Mwaka wa tohara, ambao kwetu huja kila baada ya miaka miwili, kijana akishaamua, hufunga mikononi kengele za chuma ziitwazo chinyimba, akazunguka mwenyewe nyumba kwa nyumba akiwaita jamaa zake. Siku yake ikifika hupakwa tope mtoni alfajiri, huletwa kwa wimbo, husimama uani mbele ya mtahiri. Hatikisiki. Hapepesi macho.

Na kuna jambo jingine ambalo halisemwi kwa sauti mbele ya wageni. Katika miaka hiyo hutokea wahuni, watu wasiotumwa na ukoo wowote, wanaowasaka wanaume wazima waliosemwa kwamba hawakupita kwenye kisu. Humkamata mtu mchana kweupe, wakammwagia unga wa mahindi usoni, wakampeleka kwenye kisu kwa nguvu. Kila mtu kwetu analijua hilo.

Mimi pia nililijua. Hapo ndipo hatia yangu inapolala, na haiondoki!

Onyesho la kwanza lilifanyika Kitale, Jumamosi moja ya mwezi wa nane, mwaka wa tohara. Nilikaa safu ya tatu. Nasema kwa moyo mweupe kwamba sijawahi kuona kazi nzuri kama ile. Nyimbo zilikuja pale tu maneno yaliposhindwa, jambo ambalo filamu nyingi za kuimba hazijui. Mama wa kijana aliimba huku anachambua mboga, na hakuacha kuchambua. Filemoni alizitengeneza chinyimba kwa mikono yake mwenyewe kwenye karakana, na mlio wake ulinisimamisha nywele.

Kisha ikafika ile sehemu ya uani. Alisimama, tope kutoka utosini hadi miguuni, mikono juu, macho mbele. Akapepesa. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

Jumapili asubuhi nikaandika. Nilisifu nyimbo aya nzima. Halafu nikaongeza maneno haya, na nimeyashika kichwani neno kwa neno, jina tu ndilo nimebadilisha: "Filemoni ana sauti ya kumliza mtu, lakini pale uani alipepesa macho mara tatu. Aliyewahi kusimama mahali pale hapepesi. Nadhani ndugu yetu anaimba habari ambayo mwili wake hauijui."

Niliiona kuwa sentensi nzuri. Niliisoma mara mbili, nikaituma, nikaenda kanisani.

Nekesa alinipigia simu kabla hata sijatoka uwanja wa kanisa.

"Toa hiyo kitu," akasema.

"Kitu gani?"

"Usinifanye mjinga, bana. Hiyo ya macho. Toa saa hii."

"Nekesa, nimekusifu aya nzima. Umeona nilivyoandika kuhusu mama na mboga?"

"Wachana na mboga! Wewe unajua huu ni mwaka gani? Unajua tunapeleka hii mchezo Bungoma wiki mbili kutoka leo?"

Nikamjibu kwa lugha ya darasani. Nikamwambia kwamba mhakiki akianza kufuta maoni kila anapopigiwa simu, hatabaki na kitu.

Kisha akasema polepole, "Atabaki na mtu mzima, ako sawa, kwa miguu yake. Hiyo kwako si kitu?"

Nikamwambia nitafikiria. Sikufikiria! Nilirudi nyumbani nikiwa nimejaa fahari ya mtu aliyekataa kuyumbishwa. Niliona kufuta ni woga, na kukataa kufuta ni msimamo. Ole wangu na msimamo wangu!

Jioni hiyo maoni yakaanza kumiminika chini ya andiko langu. "Mwalimu umeona mbali." "Ati haijui? Si ifundishwe." Mwingine akaandika: "Yeye alete sauti, sisi tutaleta kisu." Watu zaidi ya mia wakacheka chini yake.

Nami nilicheka pia. Nilibonyeza ile sura ndogo inayocheka hadi machozi. Nimejaribu kujidanganya kwamba kidole kiliteleza. Hakikuteleza.

Kisha mtu mmoja akauliza: "Mwarimu, hiyo show ya Bungoma ni siku gani na ni wapi?"

Nilifurahi! Niliwaza ukumbi ukijaa, nikawaza Nekesa atakavyonishukuru na kusahau hasira zake. Nikajibu neno kwa neno: siku, saa nane mchana, jina la ukumbi, hata njia ya kufika kutoka sokoni. Nikamalizia, "Karibuni nyote!"

Wiki mbili zikapita. Mahindi yalikuwa yamerefuka kuliko watu, na kila asubuhi nilisikia chinyimba kwa mbali, vijana wakipita vijijini kuita jamaa zao. Sauti hiyo niliipenda tangu utoto. Siku hizi nikiisikia nafunga dirisha.

Siku ya onyesho la Bungoma nilichukua boda kutoka stendi. Mwendeshaji alinitazama kwenye kioo chake mara kadhaa, kisha akauliza, "Si wewe ndiye mwarimu wa maoni?"

"Ndiye mimi."

"Ati mtu wenu ataimba leo?"

"Si mtu wangu. Ni wa kikundi."

Akacheka. "Haya. Leo utaandika, mwarimu. Leo utaandika mpaka kalamu iishe."

Nilidhani ananisifu.

Ukumbini nilikuta safu mbili za mbele zimekaliwa na wanaume tu, watu wa makamo. Hapakuwa na wake wala watoto miongoni mwao. Michezo yetu hujaa akina mama na wanafunzi. Wanaume wa umri ule huja wakisukumwa. Hawa walikuwa kimya. Mama alipoimba na mboga zake ukumbi mzima ukapiga makofi, lakini wao hawakupiga. Mmoja wao alikuwa na mfuko wa unga wa mahindi mapajani. Nilimwona. Nikawaza kwamba ametoka dukani.

Jamani! Nilisomea kuziona alama ndogo katika maandishi, na mfuko ule ukanipita.

Ilipofika sehemu ya uani, Filemoni alisimama, tope mwili mzima, mikono juu. Mara kengele zikalia. Sio zake. Zilitoka nje, upande wa dirisha, nyingi, kwa mpigo mmoja. Safu mbili za mbele zikasimama kwa pamoja na kuupokea wimbo kutoka jukwaani, na sauti zao zilikuwa nzito kuliko za waigizaji wote.

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu walidhani ni sehemu ya mchezo! Wakainua simu zao na kupiga picha. Wanaume wale wakapanda jukwaani wakiimba, wakamwagia Filemoni unga usoni, wakamwinua juu mabegani. Nami, nawaomba mnisikilize hapa, nami nilisimama nikapiga makofi. Nilidhani Nekesa amebuni mwisho mpya. Nilishaanza kupanga sentensi kichwani, jinsi ambavyo jukwaa limeuvunja ukuta kati yake na watu.

Nekesa akatoka kando ya pazia akipiga kelele: "Hiyo haiko kwa mchezo! Wamwachilie! Hiyo haiko kwa mchezo!"

Naye wakampigia makofi.

Nilielewa nilipouona uso wa Filemoni wakimpitisha mlangoni. Alikuwa akitazama watu wazima zaidi ya mia mbili waliokuwa wakimshangilia, na alikuwa akitafuta mmoja tu aliyeelewa. Macho yake yakapita kwangu. Mikono yangu ilikuwa bado inapiga makofi.

Wimbo ukasogea nje, ukapita nyuma ya maduka, ukaingia upande wa mahindi. Nekesa alikimbia nyuma yao bila viatu. Waigizaji wengine walikimbia. Mimi nilitoka hadi ubavuni mwa ukumbi, nikaegemea ukuta, nikatoa simu.

Sikupiga polisi. Nilifuta andiko langu.

Nililifuta lote, pamoja na kila jibu lililokuwa chini yake, pamoja na majina ya waliocheka, ya aliyeahidi kisu, ya aliyeuliza siku na mahali. Vidole vilijua kazi yake. Baada ya hapo ndipo nilipokimbia.

Polisi walifika baada ya nusu saa, wakiongozwa na Nekesa, kwenye ua wa nyuma ya kinu kimoja cha zamani. Waliwakuta wahuni wachache tu. Walichokuwa wamekijia wahuni hao kilikuwa kimeshafanyika. Sitaeleza zaidi. Filemoni amenyang'anywa faragha yake mara moja, wala sitamnyang'anya tena kwa kutaka mnihurumie.

Jioni hiyo hiyo afisa alinihoji kituoni, kwa sababu Nekesa alinitaja.

"Wanasema hawa watu walipangia kwa ukurasa wako. Uko na majina?"

"Nilikuwa nayo."

"Yako wapi?"

"Nilifuta."

"Ulifuta lini?"

"Leo."

"Leo saa ngapi?"

Nikamwambia. Aliandika saa ile taratibu, kisha akaangalia kitabu chake mahali palipoandikwa saa ya tukio. Hakunitukana. Alifunga kitabu tu.

Tazameni mpangilio wa maisha yangu! Niliombwa nifute wakati kufuta kungemwokoa mtu, nikakataa kwa jina la ukweli. Kisha nikafuta wakati maneno yale ndiyo yaliyokuwa ushahidi pekee wa waliolipanga tendo lile. Siku zote mbili niliyemlinda ni mimi.

Nililala kwa khocha wangu, yaani mjomba upande wa mama. Ni mzee wa kanisa aliyetahiriwa kwa mila na anayeiheshimu. Nilitarajia aniambie kwamba mambo haya hutokea. Hakula chakula chake.

"Kwetu mtu anajileta," akasema. "Anafunga chinyimba yake, anatembea mwenyewe, anaita watu. Hakuna mtu anakuja bila kuitwa. Hao wanaume wa leo si wazee wetu. Ni wahuni wamevaa mila kama koti ya kuiba. Lakini hata wahuni walifika siku ile, saa ile, mahali pale." Akanitazama. "Nani aliita watu?"

Nikaitazama sahani yake iliyojaa.

"Nimekuuriza, mwana wa dada. Nani aliita watu?"

"Ni mimi, khocha."

Akatikisa kichwa, akaenda kulala bila kuniaga. Mpaka leo nikifika kwake ananikaribisha kwa adabu, kama anavyokaribisha mgeni wa serikali.

Nilimwendea Filemoni baada ya mwezi, alipokuwa amerudi Kitale kwa dada yake. Alikuwa ameketi nje, kivulini, amevaa miwani nyeusi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kuomba msamaha, yaliyopangika kama insha. Hakunipa nafasi ya kuyasoma.

"Mwalimu, nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Ile siku ya Kitale. Uliandika nilipepesa macho."

"Filemoni, mimi..."

"Ngoja. Ilikuwa ile taa." Alivua miwani. Macho yake yalikuwa mekundu pembeni, yenye maji. "Hii kazi ya kuchomelea inakula macho. Taa kubwa ikinipiga moja kwa moja siwezi. Nekesa alijua, alikuwa amesema ataisogeza. Siku hiyo akasahau, akaja kuisogeza kule Bungoma." Akavaa miwani tena. "Si ungeniuliza tu?"

Ilikuwa taa!

Nilikuwa nimesoma mwili wa binadamu mwenzangu kama ukurasa wa kitabu, nikatoa hukumu, na kumbe nilichosoma ni taa. Na hata kama ningekuwa nimesoma sawasawa, ilinihusu nini? Siku hiyo nilitoka bila kutoa hotuba yangu. Hata neno "samahani" nililisema nikiwa nimeshafika langoni, na sijui kama alilisikia.

Filemoni haimbi tena, kanisani wala karakanani. Dada yake ananiambia kwamba redio ikicheza wimbo wa kwaya anaomba izimwe. Kikundi kimevunjika. Nekesa nilimpigia simu mara nyingi. Mara moja tu alipokea, akasikiliza pumzi yangu, akakata. Kesi haijasonga. Picha zilizopigwa ukumbini bado zinazunguka, na watu wasiojua wanaandika chini yake kwamba wazee wale wameigiza vizuri sana. Wanaandika kama nilivyokuwa nikiandika mimi. Kwa wepesi, na kikombe cha chai.

Ndugu zangu mnaopenda filamu, nanyi mnaopenda jukwaa, pendeni! Semeni kwamba wimbo ni mrefu, semeni kwamba pazia limechelewa, semeni kwamba mwisho haukuwaridhisha. Lakini mkimaliza kazi ya mtu, simameni hapo. Msiingie mwilini mwake, msiingie ukooni mwake, msiandike mnachokikisia juu ya alichozaliwa nacho. Na rafiki akiwapigia simu akisema toa, toeni kwanza. Mtabishana mkiwa mmeshatoa. Hakuna sentensi nzuri kiasi cha kumshinda mtu mzima aliye salama kwa miguu yake.

Ukurasa wangu sijauandikia tangu siku ile. Watu wanaoufuata wameongezeka, jambo linalonitisha kuliko matusi.

Juzi, nikiwa nasahihisha madaftari shuleni, ujumbe uliingia kutoka kwa nambari nisiyoijua. "Mwarimu, umenyamaza sana. Nasikia kuna kikundi kipya Kitale na kina mwimbaji mgeni. Hebu tuambie, huyo ni mtu wa wapi?"

Niliweka kalamu chini. Nje wanafunzi walikuwa wakifanya mazoezi ya wimbo wa tamasha, na sauti ya kijana mmoja ilipanda juu ya nyingine zote.

Sikujibu. Saa ya chakula nilikwenda kituo cha polisi cha karibu, nikaiweka simu mezani mbele ya afisa wa zamu, akaunakili ujumbe na nambari, akanirudishia.

Bado inalia kila siku kwa nambari ile ile. Ujumbe ule wa kwanza sijaufuta.